Kabla Hujakubali Kuingia Bodi ya Shule

Mwaka wangu wa kwanza kwenye bodi ya shule niliandika kumbukumbu za vikao vyote. Hakuna aliyenichagua kuwa katibu. Siku ya kwanza nilifika na laptopu kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwa mteja Shimanzi, hapa Mombasa, moja kwa moja, nikaiweka mezani, na mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, akasema, "Alhamdulillahi, sasa tumepata wa kutuandikia." Nikaandika. Kikao cha pili nikaandika tena. Cha tatu, printa ya ofisini ikakwama karatasi, nikainuka kuitengeneza, na niliporudi kukaa, uamuzi wa vyoo vipya vya wasichana vijengwe upande gani wa uwanja ulikuwa umeshapita. Malalamiko ya akina mama kuhusu vyoo hivyo mimi ndiye niliyeyaleta.

Naanza hapo kwa sababu kila baada ya miezi michache hunipigia simu mwanamke mwenzangu wa kazi hii ya kompyuta. Ameombwa kuingia bodi ya shule, au kamati ya zahanati, au jopo la bajeti ya wadi, na swali lake la kwanza huwa ni muda: "Dada, nitautoa wapi?" Muda una shida yake na nitaieleza. Lakini muda haukunishinda. Kilichokaribia kunishinda ni kwamba nilikuwa ndani ya kile chumba na sikuwa mjumbe. Nilikuwa fundi aliyekaribishwa chai.

Mimi hushauri kampuni kuhusu mifumo yao ya kompyuta. Wateja wangu wengi ni mawakala wa kuondoa mizigo bandarini, kisha kuna sacco mbili na hoteli moja ya Diani. Nilianza kujitegemea miaka michache baada ya nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, kutua hapa Mombasa mwaka 2009, kazi ambayo zamani ilimlazimu mtu kuhamia Nairobi ilipoanza kufanyika ukiwa umekaa Ganjoni. Kwangu ni Likoni. Kazi iko kisiwani, nyumba na shule ziko ng'ambo, na katikati pana feri. Anayeijua feri ya Likoni hahitaji maelezo zaidi.

Bodi niliingia kwa mlango wa ujuzi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka bodi ya shule ya umma iwe na wawakilishi wa wazazi, wa walimu, wa mfadhili wa shule na wengineo, kisha inairuhusu bodi kuongeza watu wachache wenye ujuzi ambao itawahitaji. Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo: ukiombwa, uliza unaingia kwa mlango gani. Mwakilishi wa wazazi ana wazazi nyuma yake, na akisema jambo, wanaomsikiliza wanajua kwamba kuna watu mia kadhaa watakaomuuliza limefikia wapi. Aliyeletwa kwa ujuzi ana ujuzi wake tu, na ujuzi huo ndio utakaotumwa. Bodi ilipoundwa upya nilisimama upande wa wazazi, kwa kuwa mtoto wangu wa mwisho anasoma pale, na nikachaguliwa. Kiti kilikuwa kilekile cha plastiki, lakini mazungumzo yakabadilika.

Hata hivyo sikungoja uchaguzi ule ili niache kuandika. Nilisoma sheria usiku mmoja na nikaona imeandikwa wazi kwamba mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi. Nikamwendea Mwalimu Mkuu faraghani, kabla ya kikao, maana mtu mzima humkosoi mbele za watu. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi siwezi kuandika na kuchangia kwa wakati mmoja, na nimeona kazi hii sheria imekupa wewe." Hakukasirika. Aliniambia alikuwa akinionea huruma lakini hakujua aanzeje kumwambia Mwenyekiti. Kikao kilichofuata aliandika yeye, kwa kalamu, taratibu, na sote tukalazimika kusema taratibu. Tulielewana zaidi siku ile kuliko vikao vyote nilivyochapa mimi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifunza maana ya kukaa kwenye bodi.

Mwalimu Mkuu alinipa orodha ya watoto zaidi ya thelathini ambao "mfumo unawakataa." Mfumo wenyewe ulikuwa NEMIS, ule wa wizara ulioanza mwaka 2017, ambao kila mwanafunzi aliingizwa akapewa nambari yake. Fedha za serikali kwa shule ya msingi hukadiriwa kwa mtoto, shilingi 1,420 kwa mwaka, na mtoto asiyeonekana kwenye mfumo hahesabiwi. Watoto thelathini ni shilingi 42,600. Kwa kampuni ninazozishauri hizo ni pesa za mchana mmoja. Kwa shule yetu ni karatasi za mitihani, chaki, bili ya maji, na fundi wa paa kabla ya masika.

Nikakaa na ile orodha jioni mbili. Nilikuwa na hakika kwamba ni kosa la kuingiza data, kwa kuwa hilo ndilo ninalolipwa kulitafuta. Nikatafuta majina yaliyorudiwa na tarehe zilizogeuzwa. Nilipata makosa matatu tu. Waliobaki hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mfumo ulitaka nambari ya cheti. Hakuna kompyuta ingetibu hilo.

Hapo ndipo nilipolazimika kuiacha laptopu. Tulianza kuwaita akina mama mmojammoja. Huyu alijifungulia nyumbani kwa mkunga na hana karatasi ya hospitali. Huyu alikuwa na ile karatasi ya kwanza ya kuzaliwa, ikaloa kwenye mafuriko ya nyumba. Huyu mumewe aliondoka na kitambulisho chake. Mwingine ni bibi anayelea wajukuu, na mama yao yuko Uarabuni kwa kazi za nyumbani, hapokei simu ila Ijumaa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6 tangu azaliwe. Ikipita hapo inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, wenye fomu zake, ushahidi wake na safari zake. Kwa mama anayeuza viazi karai asubuhi na samaki jioni, safari moja ya kuvuka kwenda ofisi za kisiwani ni siku nzima bila mauzo. Akiambiwa amesahau nakala moja, anarudi nyumbani na haji tena.

Tulichofanya hakikuwa na ufundi wowote. Niliandika barua kwa niaba ya bodi kwenda kwa ofisi ya usajili, tukamwomba chifu na naibu wake wakae shuleni Jumamosi moja, tukawatangazia wazazi waje na kila karatasi waliyo nayo, hata kadi ya kliniki iliyochanika. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kumsaidia kila mama apange karatasi zake kwa mfuatano ambao ofisi inautaka, ili safari ya kuvuka iwe moja. Ilichukua miezi. Baadhi ya vyeti vilitoka, vingine vikakwama, tukarudia.

Nikuambie jambo lililobadilika kazini kwangu kwa sababu ya Jumamosi ile. Hadi wakati huo nilijivunia mifumo inayokataa. Ukiacha nafasi wazi, fomu haisongi mbele, na hiyo kwetu huitwa data safi. Sasa kila mteja anaponipa kazi, swali langu la mapema ni hili: mtu ambaye karatasi yake haijapatikana tunamweka wapi? Sacco moja niliyoishauri ina wanachama wazee wasio na barua pepe na wengine wasio na simu zao wenyewe. Tuliwawekea nafasi ya "bado inasubiriwa," ikiwa na tarehe na jina la afisa anayefuatilia. Anahesabiwa, anaonekana, na kuna mtu anayeulizwa habari zake. Sikufundishwa hilo chuoni. Nilifundishwa na bibi mwenye wajukuu watatu na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi.

Kuna jambo la pili ambalo sitaki nilipite, kwa kuwa lilinitoa machozi.

Sekondari ya Msingi ilipoletwa kwenye shule za msingi mwaka 2023, shule yetu ilihitaji kompyuta za Gredi ya 7. Bodi ikaniomba niandike vigezo, nikaviandika vizuri. Zikaja kotesheni tatu. Moja ilitoka kwenye duka ambalo mimi huwapeleka wateja wangu, na kwa sababu hiyo hunipunguzia bei ninaponunua vyangu. Bei yao ilikuwa ya chini kuliko zote. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba sipati senti, shule inafaidika, na kusema ni kuzua maneno bure. Duka likapewa kazi, kompyuta zikaja, na zilikuwa nzuri.

Mkutano wa wazazi, baba mmoja akasimama. Hakupaza sauti. Aliuliza kama ni kweli kwamba mjumbe wa bodi aliyeandika vigezo ana mazoea na mwenye duka. Nikahisi uso unawaka. Nilisimama nikasema ni kweli, nikaeleza mazoea yenyewe ni yapi, na nikakiri kwamba nilipaswa kuyasema kabla ya zile kotesheni kufunguliwa. Yule baba akaketi. Lakini niliona nyuso za akina mama walionichagua, na hakuna ankara wala bei nzuri ambayo ingezijibu.

Tangu siku ile nina mazoea ambayo nakusihi uyaanze siku yako ya kwanza. Ajenda ikishasomwa, kabla ya jambo lolote, nasema: hapa pana kampuni ninayoijua, hapa sipo, hapa nitatoka nje. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu. Jambo likifika natoka kweli, nasimama chini ya mti wa mkungu uani mpaka niitwe. Kwa wateja nako nimewaandikia barua fupi inayosema natumikia bodi gani, na kwamba sichukui kazi ya kulipwa kutoka shule yoyote ya Likoni wala kampuni inayoiuzia shule yetu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 imezungumzia mgongano wa maslahi, lakini usingoje sheria ikufikie. Kwenye mtaa wetu watu wanajua gari lako lilipaki wapi jana.

Hilo lina gharama, na sitakuficha. Mteja mmoja, kampuni niliyoitumikia miaka minne, aliniita ofisini akanikaribisha kahawa na tende. Akaniambia, "Wewe sasa uko na watu wa serikali. Tusogezee." Alitaka zabuni ya kuuzia vifaa, na alidhani mjumbe wa bodi ya shule ya msingi ana mlango wa siri mahali fulani. Nikamwambia sina mlango, na hata ningekuwa nao nisingeufungua. Alicheka, tukaagana vizuri. Mkataba ulipoisha haukuandikwa mwingine. Ulikuwa karibu robo ya kipato changu cha mwaka ule. Nilikopa sacco kulipia karo ya mkubwa.

Kwa hiyo piga hesabu mapema. Mshauri hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mteja hulipa baada ya siku 30 au 60, na anapolipa hukata asilimia 5 ya ada na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kabla haijafika kwako. Mimi natoa siku mbili kwa mwezi kwa bodi na kamati zake, na siku hizo nimeziandika kwenye bei yangu ya mwaka mzima. Zamani nilizichukua kutoka kwenye usingizi, na mwaka mmoja tu ulinitosha. Ziandike pia kwenye mkataba: siku fulani mshauri hapatikani isipokuwa mfumo umezimika kabisa. Wateja hawakulikataa hilo hata mmoja. Waliokuja kunilalamikia ni wale ambao sikuwaambia, wakagundua wenyewe nilipokosa kupokea simu.

Na simu za usiku? Meli haijui kwamba una kikao asubuhi. Mzigo unapokwama kwa sababu ya mfumo wa wakala, siku za bure za kontena, zile za kabla ya kuanza kutozwa, zinaendelea kuhesabiwa, na mwenye mzigo anakupigia saa nane za usiku akilia. Hili sikulitatua peke yangu. Nina mwenzangu, dada wa Mikindani anayefanya kazi kama yangu, tumeandikiana makubaliano: wiki yangu ya bodi yeye hupokea simu za wateja wangu, na miezi mitatu aliyokuwa na mtoto mchanga mimi nilipokea zake. Tunagawana ada. Kama huna mtu wa namna hiyo, mtafute kabla ya kukubali kiti chochote. Ningesema hata kabla ya kumwambia mume, ingawa najua wapo watakaonipinga.

Nyumbani nimebahatika, na siwezi kumfundisha mtu bahati. Ninaloweza kusema ni kwamba niliomba vikao viwe baada ya swala ya alasiri na vimalizike kabla ya magharibi, na kwamba Ramadhani tukutane asubuhi. Nilidhani naomba kwa ajili yangu. Wazee ndio waliofurahi kuliko wote.

Liko swali moja utakaloulizwa kabla mwaka haujaisha: "Unagombea lini?" Mwanamke wa Mombasa akionekana mara mbili kwenye mkutano wa wadi watu humvalisha bango. Hatushangai, maana tumeona wanawake wakipanda. Mishi Mboko alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti yetu mwaka 2013 kisha akachukua ubunge wa Likoni mwaka 2017, na jirani zetu Kwale walimchagua Fatuma Achani kuwa gavana mwaka 2022. Ukitaka kugombea, gombea, ni haki yako. Mimi sitaki, na nilijifunza kulisema hilo mapema na bila kuzungusha, kwa sababu uvumi wa siasa hufika kwa wateja haraka. Mmoja aliniuliza waziwazi kama picha za ofisini kwake zitaonekana kwenye kampeni. Na hatari kubwa zaidi iko shuleni: mwanasiasa aliyeko akikuona mpinzani, shule ndiyo inayosahauliwa. Nilimwendea mwakilishi wetu wa wadi nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba kiti chake sikihitaji, nahitaji taa ya barabarani mbele ya lango. Taa haijaja, lakini salamu zipo, na bajeti ya kaunti inapotangazwa kwa maoni ya wananchi hutuarifu kwa wakati. Makadirio hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo ukianza kuuliza Mei umechelewa. Sisi huandika maombi yetu Januari.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kompyuta, kuna kazi moja ya ufundi ambayo nakuomba usiikatae. Nilipoingia, picha za vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi zilikuwa zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la shule, watu mia na zaidi, na wengine watoto wao wameshahama. Wenzangu hawakuona ubaya, kwa kuwa walikuwa wakisaidiana. Nikaeleza kwamba tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda data, na kwamba jina la mtoto, tarehe yake na kitambulisho cha mama yake si vitu vya kubaki kwenye simu za watu mia. Tulifuta tulichoweza. Sasa karatasi huletwa ofisini mkononi, huingizwa, na mama huondoka na karatasi zake. Hilo nililifanya kwa mikono yangu na silijutii, kwa kuwa hakuna mwingine mezani aliyeiona hatari ile. Printa, sasa, ina fundi wake wa Mtongwe. Analipwa.

Muda wangu kwenye bodi unakaribia kwisha. Paswadi zote za shule ziko kwenye bahasha, ndani ya kabati la chuma la Mwalimu Mkuu, na yeye mwenyewe ameshazijaribu moja baada ya nyingine nikiwa nimekaa pembeni bila kugusa kitufe. Kwenye ile orodha ya mwanzo wamebaki watoto saba ambao vyeti vyao havijatoka. Jumatano sina mteja. Nitavuka na mama wawili kati yao, feri ya saa kumi na mbili na nusu, kabla foleni haijawa ndefu, na mmoja ameniahidi kwamba safari hii ile kadi ya kliniki hataiacha nyumbani.